RetroArch au emuleta ya konsoli moja? Mwongozo kamili wa kuchagua, kusakinisha na kulinda sevu zako

Maswali yanayokuja kuhusu emuleta, yaani programu zinazoiga konsoli ya gemu kwenye simu au kompyuta, ni yale yale. "Nimeweka RetroArch, nikifungua gemu skrini inabaki nyeusi." "Nimehamia emuleta nyingine, gemu inafunguka lakini sevu zangu sizioni." "Ya PS2 inakatakata mpaka inachosha." Mara nyingi simu ni nzima na faili la gemu ni zima. Kilichokosewa ni uchaguzi: mtu kaweka emuleta aliyoiona kwa rafiki yake, bila kuangalia anataka kucheza konsoli gani.

Msimamo wangu nautoa mapema. Konsoli za kaseti, yaani NES, Super Nintendo, Mega Drive na Game Boy zote, zipeleke RetroArch. PSP, PS2, GameCube na Wii kila moja ipewe emuleta yake. PS1, Nintendo 64 na Dreamcast ziko mpakani, na hizo utazipima mwenyewe kwenye mashine yako. Pima kabla hujaanza gemu ya saa arobaini, kwa sababu kuhama na sevu ukiwa katikati kuna usumbufu wake.

Emuleta ya jumla ninayoizungumzia hapa ni RetroArch. Yenyewe haichezi kitu. Ni menyu inayobeba "core" nyingi, ambazo nitaziita viini, na kila kiini ni emuleta ya konsoli fulani iliyorekebishwa iingie humo. Faida yake ni kwamba padi, sevu, lugha na muonekano unavipanga mara moja vikatumika kote. Hasara yake ni kwamba kiini kinaweza kubaki nyuma ya emuleta kilikotoka. Kiini cha Dolphin, kwa mfano, kimekuwa nyuma ya Dolphin yenyewe kwa muda mrefu. Emuleta ya konsoli moja (DuckStation kwa PS1, PPSSPP kwa PSP, PCSX2 kwa PS2, Dolphin kwa GameCube na Wii) hupata marekebisho kwanza, ila kila moja ina menyu yake ya kujifunza.

## Andaa hivi kwanza

- Simu ya Android au kompyuta, na ujue RAM yake, prosesa yake, na kama mfumo wake ni wa biti 32 au 64.
- Nafasi. Gemu kubwa kabisa za Super Nintendo hazizidi MB 6, na za Game Boy Advance haziendi zaidi ya MB 32. CD moja ya PS1 inaweza kufika MB 700, PSP hadi GB 1.8, na DVD ya kawaida ya PS2 ni GB 4.7. Ukitaka PS2, memori ya GB 32 haikutoshi.
- Mafaili ya gemu uliyoyatoa kwenye diski na kaseti zako.
- BIOS (programu ya ndani ya konsoli inayoiwasha) ya PS1 au PS2 kama utacheza hizo. PSP, GameCube na konsoli nyingi za kaseti haziihitaji.
- Programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa. ZArchiver kwenye simu, 7-Zip kwenye Windows.
- Padi ya USB au Bluetooth. Si lazima, lakini gemu za mapigano kwenye vitufe vya kioo ni mateso.

Kuhusu sheria: emuleta yenyewe haina kosa, na mahakama ya rufaa ya Marekani ililigusa hilo mwaka 2000 katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix. Gemu na BIOS ni jambo jingine, zina wenyewe. Kwa hiyo humu hutakuta mahali pa kuzipakua, na usiniulize.

## Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Kwenye Android, weka programu ya CPU-Z. Fungua sehemu ya "SoC" uone jina la prosesa, kisha "System" na utafute mstari wa "Kernel Architecture". Ukiona "aarch64", mfumo ni wa biti 64. Ukiona "armv7l" au "armv8l", chukulia kuwa ni 32.

Kwa nini: simu nyingi za bei nafuu zina prosesa ya biti 64 iliyowekewa Android ya biti 32. Ukipakua programu ya 64 kwenye simu ya namna hiyo, simu inakwambia programu haijasakinishwa, basi. Haielezi sababu, na mtu anadhani faili ni bovu.

Andika jina la prosesa mahali. Utalihitaji kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Panga folda kabla ya kusakinisha chochote

Tengeneza folda moja kuu, tuseme "Gemu", kwenye memori ya ndani. Ndani yake weka folda za "nes", "snes", "gba", "ps1", "psp" na nyinginezo, kisha moja ya "bios" na moja ya "sevu".

Kwa nini: ukiziacha programu zijichagulie, nyingine huhifadhi data yake ndani ya folda zilizofichwa, ambazo Android za karibuni haikuruhusu kuzifungua. Ukifuta programu, na sevu zinaondoka nayo.

Onyo: usitumie nafasi wala alama za ajabu kwenye majina ya folda. Na kwenye Android na Linux, zingatia herufi kubwa na ndogo. "SCPH5501.BIN" na "scph5501.bin" yanaweza kuhesabiwa kuwa mafaili mawili tofauti.

## Hatua ya 3: Sakinisha RetroArch na uipime bila gemu

Ipakue kwenye tovuti yake rasmi, retroarch.com. Kwa simu ya biti 64 chukua faili lenye "aarch64" kwenye jina, na kwa ya 32 chukua lenye "ra32". Iliyoko Play Store mara nyingi huwa nyuma ya hii.

Ikiomba ruhusa ya kusoma mafaili, ipe. Ukikataa, folda zako zitaonekana tupu na utalaumu RetroArch bure.

Sasa usikimbilie gemu. Nenda "Load Core", kisha "Download a Core", utafute "2048". Ni gemu ndogo ya namba iliyojengwa kama kiini kamili, haitaki faili lolote. Kikishapakuliwa, kichague, kisha bonyeza "Start Core".

Mafanikio yanaonekanaje: vigae vya namba vinatokea na unaweza kuvisogeza. Hapo umethibitisha kwamba programu, picha na vitufe vinafanya kazi. Kuanzia sasa, skrini ikiwa nyeusi, tatizo ni kiini, BIOS au faili la gemu.

Ikikataa hata hapa, ingia "Settings", "Drivers", "Video", ubadilishe "vulkan" iwe "gl" au kinyume chake (ni njia mbili za kuchora picha), funga programu na uifungue upya. Wengi hupita hatua hii kwa kuona ni upuuzi, halafu wanarudi nayo baada ya kuhangaika siku nzima.

## Hatua ya 4: Chagua kiini kulingana na nguvu ya mashine

Kwenye orodha utakuta viini vitatu au vinne vya konsoli moja. Hicho ndicho kinachowapoteza watu. Havilingani: vingine vinaiga konsoli kwa usahihi mkubwa na kula nguvu, vingine vimerahisishwa ili vikimbie kwenye vifaa dhaifu.

- NES: Mesen kwa kompyuta au simu nzuri. FCEUmm kwa simu dhaifu.
- Super Nintendo: Snes9x inatosha karibu kila mtu. Simu ikizidiwa, shuka hadi Snes9x 2010. Kiini cha bsnes kiachie kompyuta.
- Mega Drive: Genesis Plus GX. PicoDrive kama simu ni ya zamani.
- Game Boy na Game Boy Color: Gambatte.
- Game Boy Advance: mGBA. Ikikatakata, gpSP.

Pakua kimoja tu kwa kila konsoli. Kisha "Load Content", nenda kwenye folda yako, chagua faili.

Mafanikio yanaonekanaje: washa kihesabu fremu, yaani picha kwa sekunde, kwenye "Settings", "On-Screen Display", "On-Screen Notifications", "Notification Visibility", "Display Framerate". Gemu za toleo la Marekani au Japani zikae karibu na 60. Za Ulaya, isipokuwa za Game Boy, zinakaa kwenye 50, na hilo ni sahihi kabisa. Nimeona watu wakibadilisha mipangilio yote wakitafuta fremu 10 ambazo hazikuwahi kuwepo.

Hapa ndipo RetroArch inapozishinda emuleta za konsoli moja. Kuna kitu kinaitwa "Run-Ahead", kipo "Settings", "Latency". Kinapunguza muda kati ya kubonyeza kitufe na mhusika kuruka. Fremu moja kwenye gemu ya fremu 60 ni kama milisekunde 16.7, na gemu nyingi za kaseti zenyewe zilikuwa na kuchelewa kwa fremu moja au mbili. Weka 1, jaribu kuruka. Ukiona picha inarukaruka ukibonyeza, umezidisha, rudisha nyuma. Kifaa kinafanya kazi mara mbili kwa ajili ya hili, kwa hiyo simu ikianza kuchemka, lizime.

### Gemu za mashine za mtaani zina kanuni zao

Kwa gemu za mashine za sarafu, kiini cha FBNeo kinatosha. Lakini mafaili yake ni ya zip na hayafunguliwi. Jina la zip halibadilishwi hata herufi moja, maana kiini kinaitambua gemu kwa jina hilo. Gemu za Neo Geo zinataka pia faili la "neogeo.zip" likae folda ile ile. Na zip lazima iendane na toleo la kiini: iliyotengenezwa kwa MAME 2003-Plus, toleo la zamani la emuleta nyingine ya gemu za sarafu, si ajabu ikakataa kwenye MAME ya leo. Ukiambiwa kuna mafaili yanakosekana ndani ya zip, usihangaike na mipangilio. Toleo haliendani.

## Hatua ya 5: PS1, mahali pa kupima

Wengi hukwama hapa, kwa hiyo tutaenda taratibu. Kuna mambo matatu: BIOS, faili la cue na kipimo. Mawili ya kwanza yakikosewa yanatoa skrini nyeusi ile ile.

### BIOS

Majina yanayotafutwa ni matatu: "scph5500.bin" kwa gemu za Japani, "scph5501.bin" kwa za Marekani, "scph5502.bin" kwa za Ulaya. Yaandikwe hivyo hivyo, herufi ndogo.

Kwenye RetroArch nenda "Settings", "Directory", "System/BIOS", uielekeze kwenye folda yako ya "bios". Kisha pakia kiini cha PS1, ingia "Information", "Core Information", ushuke hadi chini. Kila BIOS ina neno mbele yake: "Present" ipo, "Missing" haipo. Penye "Required" pakiwa na "Missing", usiendelee. Ukurasa huu mmoja ungeokoa nusu ya maswali ninayoulizwa.

Kiini cha PCSX ReARMed kina BIOS ya kuiga ndani yake, kwa hiyo kinaweza kufungua gemu bila faili hilo. Gemu kadhaa hugoma au huharibika sevu zikiendeshwa hivyo. Weka BIOS halisi hata kama hakikudai.

### Faili la CUE

Gemu ya PS1 mara nyingi ina sehemu mbili: "bin", ambayo ndiyo data, na "cue", faili dogo la maandishi linaloeleza data imepangwaje. Unafungua cue. Ukifungua bin moja kwa moja, muziki unaweza kupotea au gemu isiwake.

Sasa mtego wenyewe. Ifungue cue kwa Notepad. Mstari wa kwanza unafanana na huu:

FILE "Tekken 3 (USA).bin" BINARY

Kama umelibadilisha jina la bin likawa "tekken3.bin" ili lipendeze, cue bado inatafuta jina la zamani. Haitalipata. Sahihisha jina kwenye mstari huo, hifadhi, jaribu tena.

Ukiwa na kompyuta, bora uzigeuze zote ziwe CHD. Ni faili moja, ni dogo zaidi, na RetroArch na DuckStation zote zinalisoma. Kifaa chake kinaitwa chdman, kinakuja pamoja na MAME:

chdman createcd -i "tekken3.cue" -o "tekken3.chd"

Gemu ya diski nyingi kama Final Fantasy VII, yenye diski tatu, iandikie faili la maandishi lenye mwisho wa ".m3u", na ndani yake orodhesha majina ya mafaili ya diski, moja kila mstari. Fungua hilo m3u. Bila hivyo, diski ya pili inaweza kufunguliwa kama gemu mpya yenye memori kadi tupu.

### Kipimo

Chagua gemu moja nzito, Gran Turismo 2 au Tekken 3 zinafaa, uicheze dakika kumi kwenye kila upande: kwanza kiini cha RetroArch, kisha DuckStation. Angalia vitu hivi kwa mpangilio huu:

1. Sauti. Ndiyo ya kwanza kulalamika. Sauti ikikwaruza, kifaa kimezidiwa hata kama picha bado ni laini.
2. Fremu, hasa magari au wahusika wanapojazana.
3. Joto la simu baada ya dakika kumi. Simu ikichemka, inapunguza kasi yenyewe.

Kwa simu ya RAM GB 2 au 3, PCSX ReARMed ndani ya RetroArch ndiyo itakayokufaa, kwa sababu iliandikwa ikilenga prosesa za ARM zenye nguvu ndogo. Kwenye kompyuta, hata laptopu ya miaka kadhaa, nenda DuckStation. Menyu yake ni safi, inakuuliza BIOS mwanzoni kabisa, na ina "PGXP", kitu kinachotuliza ule mtikisiko wa kuta na nyuso za PS1. Viini vya SwanStation na Beetle PSX HW navyo vina PGXP, lakini Beetle ni mzito na SwanStation ni tawi lililojitenga na DuckStation, halifuati kila marekebisho.

Nintendo 64 ipime vivyo hivyo kwa Mupen64Plus-Next. Kwa Dreamcast usipoteze muda: Flycast ni ile ile ndani na nje ya RetroArch, chagua menyu unayoipenda.

## Hatua ya 6: Emuleta za konsoli moja

### PPSSPP

Hii ndiyo emuleta iliyoenea kuliko zote kwenye simu za huku kwetu, na sababu ni moja: mpira. Kiini cha PPSSPP kipo RetroArch, lakini sioni sababu ya kukitumia. PPSSPP yenyewe inakwenda vizuri hata kwenye simu ya kawaida na vitufe vyake vya kioo ni bora.

Kwanza, achana na APK za "Gold" za kupewapewa. Gold ni toleo la kulipia ili kumuunga mkono mtengenezaji. Uwezo wake na wa bure ni ule ule. Unapopokea Gold ya wizi hupati cha zaidi, labda virusi.

Ikifunguka mara ya kwanza kwenye Android mpya, itakuomba uchague folda ya PSP. Usichague data binafsi ya programu. Chagua kuunda folda, uiweke ndani ya "Gemu". Ukichagua ile ya kwanza, siku utakapoifuta programu, ligi yako yote inakwenda nayo.

Gemu za mpira zilizowekewa vikosi vipya hushuka zikiwa zimebanwa, na ndani kuna vitu vitatu. Fungua kwa ZArchiver, kisha:

- Faili la ISO, ambalo ndilo gemu yenyewe, liende folda yako ya "psp".
- Kilichomo ndani ya SAVEDATA kiende PSP/SAVEDATA.
- Kilichomo ndani ya TEXTURES kiende PSP/TEXTURES.

Nimesema kilichomo ndani. Kosa linalojirudia ni kunakili folda yenyewe, inakuwa PSP/SAVEDATA/SAVEDATA, na emuleta haioni kitu. Ukifungua PSP/SAVEDATA unatakiwa kukuta moja kwa moja folda zinazoanza na herufi kama ULES au ULUS. Sura za wachezaji na jezi zikikataa kubadilika, ingia mipangilio ya "Developer tools" uwashe "Replace textures".

Kwa simu dhaifu, "Rendering resolution" ibaki 1x, ambayo ni 480 kwa 272 kama PSP yenyewe. Jaribu Vulkan kwanza. Skrini ikifanya mistari, rudi OpenGL. "Skip buffer effects" inaongeza kasi, ila kwenye gemu fulani inafuta vivuli au skrini nzima, kwa hiyo iwe ya mwisho.

Mafanikio yanaonekanaje: washa kionyesha kasi. Kinachohesabiwa ni asilimia, na inatakiwa 100. Fremu zinaweza kuwa 30 tu na gemu ikawa sawasawa, maana gemu nyingi za PSP zilitengenezwa kwa 30.

### PS2

Kwenye kompyuta jibu ni PCSX2, na unahitaji BIOS pamoja na prosesa yenye SSE4.1 (seti ya maagizo ya prosesa). Sina zaidi la kusema hapo.

Kwenye simu, sikiliza vizuri. AetherSX2, emuleta ya PS2 ya Android, iliachwa na mtengenezaji wake Januari 2023, na NetherSX2 ni marekebisho ya wapenzi wa gemu juu ya kazi hiyo hiyo. Kiwango kilichokuwa kinapendekezwa ni Snapdragon 845. Hiyo ina kori nne kubwa. Helio G85 na Unisoc T606, ambazo utazikuta kwenye Tecno, Infinix na itel nyingi, zina kori mbili kubwa na sita ndogo. Gemu nyepesi zitatembea. God of War haitatembea, na hakuna mipangilio ya YouTube itakayogeuza kori mbili ziwe nne. Rudi kwenye jina uliloliandika hatua ya 1 kabla hujapakua GB 4 kwa bando.

### GameCube na Wii

Dolphin, kutoka dolphin-emu.org. Simu iwe ya biti 64 na yenye nguvu. Geuza ISO ziwe RVZ ndani ya Dolphin yenyewe, utaokoa nafasi bila kupoteza data.

## Hatua ya 7: Mipangilio isichanganyike

RetroArch ina tabia inayowatoa watu jasho: ukibadilisha kitu ukiwa ndani ya gemu moja, kinaweza kuingia kwenye konsoli zote. Umenyoosha picha ya NES ijae skrini, kesho Game Boy Advance nayo imenyooshwa.

Dawa iko "Quick Menu", "Overrides". Ukishapanga, chagua "Save Core Overrides" ili mipangilio ibaki kwa kiini hicho, au "Save Game Overrides" kwa gemu hiyo tu. Kisha toka. Fungua gemu ya konsoli nyingine uthibitishe haijaguswa.

Padi ipange kwenye "Settings", "Input", "Port 1 Controls". Kwenye kompyuta bila padi, X ni kitufe cha A, Z ni B, Enter ni Start, na F1 inafungua menyu.

## Hatua ya 8: Sevu

Kuna sevu mbili. Ya kwanza ni ile ya gemu yenyewe, unayoifanya ukifika kituo cha kuseva. Ya pili ni ya papo hapo, "save state", inayopiga picha ya hali nzima ya emuleta kwa sekunde hiyo.

Ya papo hapo haihami. Ya Snes9x haifunguki bsnes, ya RetroArch haifunguki DuckStation, na hata kiini kile kile kikisasishwa, ya zamani inaweza kugoma. Itumie ukilazimika kukatisha ghafla, mfano basi likifika. Maendeleo ya kweli yaseve ndani ya gemu.

Kwenye RetroArch, angalia "Settings", "Saving", "SaveRAM Autosave Interval". Ikiwa imezimwa, sevu ya gemu inaandikwa kwenye faili pale tu unapoifunga gemu vizuri. Simu ikiiua programu wakati umepokea simu, umepoteza. Weka sekunde 10.

Jambo jingine la hatari: ukifungua sevu ya papo hapo ya jana, inaweza kurudisha na memori kadi ya jana, ikifuta ya leo. Hapo hapo "Saving" kuna kipengele cha kuzuia hilo, "Don't Overwrite SaveRAM on Loading Save State". Kiwashe.

### Kuhama kutoka RetroArch kwenda DuckStation kwenye kompyuta

1. Kwenye folda ya sevu ya RetroArch tafuta faili la gemu yako lenye ".srm". Bonyeza kulia, angalia ukubwa. Lazima uwe baiti 131,072, ambao ndio ukubwa wa memori kadi ya PS1. Ukiwa tofauti, si lenyewe.
2. Nakili faili hilo mahali pengine kwanza.
3. Fungua gemu hiyo hiyo DuckStation, cheza hadi uweze kuseva, useve, kisha uifunge kabisa.
4. Ingia folda yake ya "memcards". Utakuta faili lenye jina la gemu na mwisho wa "_1.mcd".
5. Linakili jina hilo lote, lifute faili, kisha ulipe faili lako la srm jina hilo na uliweke hapo.
6. Fungua gemu na uende kwenye menyu yake ya kupakia sevu, usitumie "Load State" ya DuckStation.

Ukikuta kadi tupu, linganisha toleo la diski kabla ya kurudia lolote. Sevu ya toleo la Ulaya haionekani kwenye diski ya Marekani, hata kama jina la gemu ni moja.